Kinyozi, Baba na Shajara Yake

William Johnson alizaliwa mtumwa mwaka 1809 mjini Natchez, kwenye ukingo wa Mto Mississippi kusini mwa Marekani, akafa mwaka 1851 akiwa kinyozi anayefahamika kuliko wote mjini humo, mwenye saluni zaidi ya moja, nyumba ya matofali, shamba, mke na watoto kumi. Vinyozi weusi waliofanikiwa hawakuwa wachache katika miji ya kusini ya enzi hiyo. Kilichomtofautisha na wenzake ni kwamba jioni, kazi ikiisha, aliandika. Kuanzia Oktoba 1835 hadi siku mbili tu kabla ya kupigwa risasi, Juni 1851, alijaza madaftari 14 kwa habari za saluni, za nyumbani na za mtaani, jumla ya kurasa zipatazo 2,000. Haijulikani shajara nyingine ya mtu mweusi huru wa kusini, ya kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, inayoikaribia hiyo kwa urefu.

Mama yake, Amy, alikuwa mtumwa wa Mzungu aliyeitwa pia William Johnson. Ingawa hati hazisemi waziwazi kwamba bwana huyo ndiye aliyekuwa baba wa watoto, mambo aliyoyatenda yanatosha kusema lililobaki. Mwaka 1814 alimvusha Amy mto hadi upande wa Louisiana, ambako taratibu za kumwacha mtumwa huru zilikuwa nyepesi zaidi, akamwandikia hati ya uhuru. Mwaka 1818 ikawa zamu ya binti, Adelia. Kijana alibaki, kwa kuwa Mississippi haikumruhusu bwana kumwacha mtumwa huru kwa hiari yake tu. Ilibidi bunge la jimbo litunge sheria mahususi kwa ajili ya mtu mmoja. Bwana akapeleka ombi, na mwaka 1820 bunge likakubali. William mdogo, mwenye umri wa miaka 11, akawa huru kwa sheria iliyomtaja yeye peke yake, na jina alilobaki nalo maisha yake yote ni la aliyekuwa bwana wake.

Ufundi aliupata kwa shemeji. Adelia aliolewa na James Miller, kinyozi huru aliyetoka Philadelphia na kufungua saluni yenye wateja wa tabaka la juu Natchez. Kijana alianza kwake kama mwanagenzi yeyote wa kazi hiyo, kwa kufagia nywele, kuchemsha maji, kunoa nyembe na kutazama mikono ya fundi. Mwaka 1828, akiwa bado hajatimiza miaka 20, alikwenda kujitegemea Port Gibson, mji mdogo wa jirani. Huko alikaa miezi 22, na hesabu aliyoiandika mwenyewe inaonyesha kwamba kunyoa na kukata nywele kulimpatia dola 1,094 na senti 50. Ilikuwa fedha nyingi kwa kijana wa rika lake, awe mweusi au mweupe. Mwaka 1830 Miller alipoamua kuhamia New Orleans na familia yake, Johnson alirudi nyumbani akainunua saluni ya shemeji kwa dola 300.

Natchez ya wakati huo ilikuwa mji wa pamba. Mashamba yaliyouzunguka yalilimwa na watumwa, na matajiri wake walihesabiwa miongoni mwa watu wenye fedha nyingi kuliko wote Marekani. Nje kidogo ya mji, mahali palipoitwa Forks of the Road, palikuwa na soko la watumwa ambalo katika eneo lile la kusini lilizidiwa na lile la New Orleans peke yake. Mji wenyewe ulikaa juu ya genge. Chini, kando ya mto, ndiko zilikotia nanga meli za mvuke na mashua, na huko kulikuwa na vilabu vya pombe, kamari na ngumi za kila usiku. Johnson alifanya biashara kote kuwili: saluni kubwa ilikuwa Main Street, juu, walikokaa mawakili, madaktari na wenye mashamba, na nyingine aliiweka chini kwa ajili ya mabaharia na wasafiri.

Ajabu ya kwanza kwa msomaji wa leo ni kwamba wateja wote wa saluni hizo walikuwa Wazungu. Kusini mwa Marekani kumhudumia mtu mwili wake, kama kumvisha, kumwosha au kumnyoa, kulihesabiwa kuwa kazi ya mtumwa, na Mzungu mwenye kujiheshimu hakutaka kuifanya. Ndiyo maana ufundi wa kinyozi uliangukia mikononi mwa watu weusi, nao wakaufanya kuwa moja ya njia chache za kupata mtaji. Ila kazi hiyo ilikuwa na sharti lake. Mzungu hakukubali kukaa kwenye kiti alichotoka mtu mweusi, wala kupitishiwa wembe uliopita kwenye shingo ya mtu mweusi. Kwa hiyo saluni ya mtu mweusi ilikuwa mahali ambapo ndugu zake mwenyewe hawakuweza kunyolewa.

Kazi yenyewe haikuwa na mzaha. Wembe wa kisasa wenye kinga ulikuwa haujabuniwa. Wa kukunja ndio uliotumika, nao ukiteleza kidogo, mtu amekatika. Wanaume wengi wenye uwezo hawakujinyoa, walikwenda kwa kinyozi mara kadhaa kwa wiki, na wengi walilipa kwa mwezi. Mteja alilazwa kwenye kiti, akafunikwa kitambaa shingoni, ndevu zikalainishwa kwa maji ya moto na povu la sabuni lililokorogwa kwa brashi. Kinyozi aliupitisha wembe kwenye ukanda wa ngozi mara kadhaa, akamvuta mteja ngozi ya shavu kwa vidole vya mkono mmoja, akaanza kunyoa kwa mkono mwingine, kutoka sikioni kushuka. Sehemu ya mwisho ilikuwa chini ya kidevu, pale ambapo mshipa wa shingo unaonekana ukipiga. Mwenye watumwa mia moja aliyelala huku amefumba macho, koo lake likiwa chini ya wembe ulioshikwa na mtu aliyezaliwa utumwani, ni picha ambayo waandishi wa zama hizo waliiona vizuri. Herman Melville aliitumia katika hadithi yake ya *Benito Cereno*, iliyotoka mwaka 1855, kwa namna ya kutia hofu. Kwa Johnson picha hiyo ilikuwa riziki. Alimshika mteja vizuri, alijua wakati wa kuzungumza na wakati wa kunyamaza, na yaliyosemwa kitini hayakutoka nje ila kuingia kwenye daftari.

Biashara ilipanuka. Aliongeza bafu za kulipia, ambazo wakati wa joto la Mississippi zilijaa watu. Aliuza marashi na mafuta ya nywele. Alituma vijana wake wakawanyoe wateja majumbani. Aliwakopesha watu fedha, Wazungu wakiwemo, na madaftari yake yanaonyesha alivyokuwa mvumilivu wa kudai: mdaiwa aliyepita barabarani akijifanya hakumwona aliandikwa, na siku alipolipa akaandikwa tena. Alichukua wanagenzi, wavulana weusi huru walioletwa na wazazi au walezi wao wajifunze kazi, akawalisha, akawavisha, akawakemea na mara nyingine akawachapa. Baadhi yao walikuja kuwa mafundi wanaojitegemea.

Kwamba mji ulimpenda si jambo la kubuniwa baada ya kifo chake. Lakini mapenzi hayo yalikuwa na kazi yake, na hapo ndipo penye kiini cha maisha ya Johnson. Mwaka 1831, baada ya Nat Turner kuongoza uasi wa watumwa Virginia, bunge la Mississippi lilitunga sheria ya kuwataka watu weusi huru wenye umri wa miaka 16 hadi 50 waondoke jimboni ndani ya siku 90, isipokuwa yule aliyepata kibali kwa ushahidi wa tabia njema. Ushahidi uliotakiwa ulikuwa wa Wazungu. Mtu mweusi huru hakuwa na kura, hakuweza kuketi kwenye baraza la wazee wa mahakama, wala hakuruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya Mzungu. Alichoweza kuwa nacho ni orodha ya majina ya watu wenye nguvu watakaosema: huyu tunamjua. Kinyozi aliyewanyoa watu hao kila wiki kwa miaka mingi aliipata orodha hiyo kirahisi kuliko fundi seremala au mchuuzi wa mboga.

Mwaka 1841 jambo hilo lilipimwa. Wenye chuki waliishinikiza wilaya iwachunguze upya watu weusi huru, mmoja mmoja, na wasio na wadhamini wafukuzwe. Johnson mwenyewe hakuguswa. Shajara ya miezi hiyo imejaa hasira na wasiwasi juu ya maskini waliokuwa wakihangaika mjini wakitafuta sahihi, na inaonyesha jinsi alivyozunguka kwa wateja wake kuwaombea wengine. Baadhi walisalimika, wengine wakafungasha wakaondoka. Kwa jumla watu hao walizidi kupungua: hesabu ya watu ya mwaka 1840 ilikuta weusi huru 1,366 katika jimbo zima la Mississippi, palipokuwa na watumwa wapatao 195,000, na ile ya mwaka 1860 ikawakuta 773 tu.

Nyumbani, Johnson alikuwa mtu mwingine kidogo. Aprili 1835, miezi michache kabla ya kuanza shajara, alimwoa Ann Battles, msichana wa miaka 20 hivi ambaye naye, pamoja na mama yake Harriet, alikuwa ametoka utumwani. Kwa miaka 16 iliyofuata nyumba ilipata mtoto karibu kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Mmoja alifariki angali mchanga, kumi walikua. Katika shajara mkewe hatajwi kwa maneno mengi ya mapenzi, kwani Johnson hakuwa mwandishi wa aina hiyo. Anatajwa akisafiri kwa meli kwenda New Orleans kwa wifi yake Adelia, akirudi na mizigo, akijifungua, akiugua, akipona. Msomaji huzipata hisia za mwandishi katika mambo anayoyahesabu: siku mke alizokuwa mbali, usiku ambao mtoto alipandwa na homa, bei ya viatu vya wote.

Nyumba yao ipo mpaka leo State Street. Tarehe 7 Mei 1840 kimbunga cha ghafla kiliipiga Natchez, kikazamisha mashua mtoni na kuua watu zaidi ya 300, na katikati ya mji kukabaki vifusi. Johnson alinunua matofali ya majengo yaliyoanguka akajengea nyumba ya familia, iliyomalizika mwaka 1841. Sakafu ya chini aliipangisha kwa biashara. Yeye, mke, watoto na mama mkwe walikaa juu. Ni uamuzi unaomweleza vizuri: ambapo mji uliona hasara, yeye aliona matofali ya bei nafuu.

Mama yake, Amy, ni habari ya peke yake. Alikuwa mchuuzi, mwenye sauti na mwenye hasira za haraka, na mwanawe aliandika mara nyingi kuhusu ugomvi aliouzusha na watumishi, na majirani, na yeye mwenyewe. Kuna siku alimfuata hadi saluni kumfokea mbele za watu. Johnson alinyamaza, akaja kuyaandika usiku kwa uchovu wa mtu anayemtii mama yake na kumwonea haya kwa wakati mmoja. Amy alifariki mwaka 1849, na tangu hapo shajara inapoa kidogo.

Watoto hawakuwa na shule ya kwenda. Natchez haikuwa na shule ya watoto weusi, basi walifundishwa nyumbani, wavulana kwa wasichana, na baba alihakikisha vitabu na magazeti havikosekani. Yeye mwenyewe alipiga fidla na gita, na mabinti walifunzwa muziki na kushona. Wana wakubwa aliandamana nao porini kuwinda na ziwani kuvua. Idadi ya ndege waliopigwa na samaki waliovuliwa iliandikwa, na jina la aliyevua. Wakati mwingine safari ilikuwa na Robert McCary, kinyozi mwenzake na rafiki yake mkubwa. McCary alikuwa na historia inayoonyesha jinsi mstari kati ya uhuru na utumwa ulivyoweza kupita katikati ya familia moja: wosia wa bwana ulimwacha huru yeye na dada yake, lakini ndugu yao Warner ukamwacha awe mtumwa wao. Warner alitoroka, akaja kuzunguka Marekani akipiga filimbi jukwaani na kujiita Okah Tubbee, mwana wa chifu wa Wachoctaw.

Mbali na familia, shajara ni baraza la mji mzima. Humo mna mashindano ya farasi, ambayo Johnson aliyapenda na kuyawekea dau. Mna moto, mazishi, uchaguzi, magomvi ya mawakili waliopigana kwa bakora asubuhi wakaja kunyolewa mchana, mna mke wa mtu aliyeonekana mahali asipostahili kuonekana. Tahajia yake ni ya mtu aliyejifunza kuandika kwa kusikia, na mzaha wake ni mkavu. Wakubwa waliomwita kwa jina moja tu walipokaa kitini hawakujua kwamba kinyozi alikuwa akiwaandika kwa majina yao kamili.

Lipo jambo katika maisha yake ambalo kumbukumbu nzuri haiwezi kulifunika. Johnson aliyezaliwa mtumwa alinunua watumwa. Alianza na wachache wa saluni na wa nyumbani, akaongeza wa shambani, na alipofariki alikuwa nao 16. Aliwafanyisha kazi, aliwakodisha kwa wengine, aliwachapa viboko na kuandika kwamba amewachapa. Wako wanaotafuta kumtetea kwamba mtu mweusi huru katika Mississippi alinunua watumwa ili afanane na wateja wake na hivyo aaminike. Huenda ni kweli, lakini shajara haionyeshi mtu aliyelazimishwa. Inaonyesha mfanyabiashara wa mji wa watumwa.

Mmoja wao aliitwa Steven. Alikuwa mlevi, akitoroka mara kwa mara, akirudishwa, akipigwa, akitoroka tena. Mwaka 1843 ulipokuwa ukiisha Johnson aliamua kumuuza. Siku ya kuachana alimpa soksi, kanda za mabegani za kushikia suruali na sigara mbili nene, akamshika mkono, akasimama akimtazama anavyopanda chombo. Usiku aliandika kwamba siku nzima machozi yalikuwa yakimlengalenga, na kwamba pombe ndiyo iliyomponza Steven. Ukurasa huo ndio unaonukuliwa zaidi katika shajara yote, na kila anayeusoma husimama mahali pake. Wengine huona huruma ya Johnson. Wengine huona kwamba aliyelia ndiye aliyepokea fedha, na kwamba lawama aliipeleka kwenye chupa.

Katika miaka ya 1840 fedha za saluni zilianza kwenda shambani. Kusini mwa Natchez Johnson alinunua ardhi, akaiita Hardscrabble, jina la kujitania lenye maana ya ardhi ya kujikongoja, na akawa akienda huko kwa farasi kuangalia mahindi, ng'ombe na miti. Jirani yake alikuwa Baylor Winn, mtu ambaye wengi walimjua kuwa chotara kama Johnson mwenyewe na ambaye aliwahi kuwa rafiki yake. Ugomvi ulianzia kwenye mpaka. Winn alikuwa akikata miti upande ambao Johnson aliuhesabu kuwa wake. Mpimaji aliitwa, shauri likafika mahakamani, na mwezi Mei 1851 wakasuluhishwa kwa masharti ambayo Johnson aliyalegeza ili mambo yaishe.

Tarehe 16 Juni 1851 Johnson alikuwa akirudi mjini kutoka shambani, pamoja na mmoja wa wanawe, mwanagenzi mweusi huru na mtumwa mmoja, alipopigwa risasi kutoka kichakani. Hakufa hapohapo. Alimtaja Winn kuwa ndiye aliyempiga, akafariki saa chache baadaye, alfajiri kabla ya kupambazuka. Alikuwa na miaka 42, na mtoto wa mwisho alikuwa bado mikononi.

Mji ulishtuka kikweli. Gazeti la *Courier* la Natchez lilimwandika kwa heshima ambayo mtu mweusi hakuzoea kupewa, mhubiri akamsifu mazikoni, na Winn akakamatwa. Kilichofuata ni sheria. Walioliona tukio walikuwa watu weusi, na mtu mweusi aliweza kutoa ushahidi dhidi ya mweusi mwenzake tu. Mawakili wa Winn wakasema mteja wao si mweusi hata kidogo: asili yake ni Wazungu na Wahindi Wekundu wa Virginia, kwa hiyo mbele ya sheria ni Mzungu. Swali la nani aliyeua likageuka kuwa swali la babu wa mshitakiwa alikuwa nani. Ushahidi ulitafutwa hadi Virginia kwenyewe. Majopo mawili ya wazee wa baraza yalishindwa kuafikiana, na baada ya kukaa mahabusu miaka miwili hivi Winn aliachiwa. Mwana aliyemwona baba yake akianguka hakuruhusiwa kusema neno mahakamani. Wateja waliokuwa tayari kutia sahihi zao ili Johnson aishi Mississippi hawakuwa na namna, au hawakuwa na nia, ya kuibadilisha sheria hiyo ili muuaji wake ahukumiwe.

Ann alibaki na watoto kumi, na kinyume na walivyotegemea wengi, biashara haikufa. Mjane aliendesha saluni kwa mikono ya wanagenzi na wanawe, akasimamia wapangaji, akadai madeni. Alifariki mwaka 1866, mwaka mmoja baada ya vita kumalizika na utumwa kukomeshwa, na watumwa wa familia hiyo wakawa huru pamoja na wengine wote. Byron, mwana aliyerithi wembe wa baba, aliuawa naye kwa risasi mwaka 1872. Mmoja wa wana alipatwa na maradhi ya akili. Mabinti, Anna na Catharine miongoni mwao, wakawa walimu wa shule mpya zilizofunguliwa kwa ajili ya watoto wa waliokuwa watumwa, wakiutumia ule ujuzi wa kusoma walioupata katika nyumba ya State Street.

Madaftari yalibaki ndani ya nyumba hiyohiyo, yakilindwa na ukoo kwa zaidi ya miaka 80. Mwaka 1938 karatasi za familia zilipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Wanahistoria wawili wa huko, William Ransom Hogan na Edwin Adams Davis, walihariri shajara ikachapishwa mwaka 1951, miaka mia kamili baada ya mwenyewe kufariki. Mwaka 1954 wakatoa wasifu wake, *The Barber of Natchez*. Tangu hapo ni vigumu kuandika kitabu cha maana juu ya watu weusi huru wa kusini, au juu ya vinyozi weusi wa Marekani, bila kupitia kwa Johnson. Wapo waliomfuata katika ufundi na kumpita kwa mali, kama Alonzo Herndon wa Atlanta, naye mzaliwa wa utumwani, aliyetumia fedha za saluni kuanzisha kampuni ya bima mwaka 1905. Lakini hao hawakuacha maandishi ya kila siku.

Nyumba sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Kihistoria ya Taifa ya Natchez na tangu 2005 ni makumbusho. Catharine, mmoja wa mabinti walimu, naye aliandika shajara yake katika miaka ya vita na baada yake, yenye huzuni nyingi kuliko ya baba na isiyo na farasi wala dau hata moja. Ilichapishwa mwaka 1998 pamoja na barua za wanawake wa familia hiyo, na humo ndimo Ann, ambaye mumewe alimtaja kwa uchache, anamosikika akizungumziwa na watu wake mwenyewe.